UZI: Kuchagua mkahawa wa hali ya juu Malindi na Lamu kwa wageni wa biashara. Tuulize jiko kwanza, mandhari baadaye

BarabaraYaLamu

Assalamu alaykum wanajamvi, na salamu kwa wote.

Kila msimu wa wageni ukianza, swali huwa lile lile: "Nina watu wanane wanatoka Nairobi, bosi wao ndiye mwenye kutia sahihi, niwapeleke wapi?" Majibu nayo huwa majina matupu. Hapa kwetu jina halisaidii sana. Mpishi mkuu akihama, na wapishi huhama, kibao kinabaki mlangoni na ladha inaondoka naye. Ndiyo maana uzi huu naufungua kwa ajili ya njia ya kuchagua. Orodha ya majina wekeni kwingine.

Mkahawa wa bei ya juu huku pwani unauza samaki na mahali pa kukaa. Mahali utapaona kwa macho yako. Samaki ndiye wa kuulizwa, na huulizwa kwa simu siku mbili kabla, tena asubuhi baina ya saa nne na saa tano, jiko likiwa limeshapokea mzigo na bado halijalemewa na chakula cha mchana. Ukipiga saa moja jioni utajibiwa na mtu anayetaka kukata simu.

Swali la kwanza ni hili: leo mmepokea samaki gani? Jibu zuri lina upungufu ndani yake. "Leo tuna changu na kolekole, nguru hatukupata." Ukiambiwa kila kitu kilichoandikwa kwenye menyu kipo, siku zote, jua unazungumza na friza. Friza si haramu, ila usilipishwe bei ya samaki wa leo.

La pili: kamba mawe wako hai au wamegandishwa, na bei ni ya kilo, ya gramu 100 au ya sahani? Hapa ndipo bili nyingi huharibikia. Menyu ikisema shilingi 600 mgeni huona rahisi, kumbe ni kwa gramu 100. Kamba wa kilo moja na robo ni 7,500 kabla hujaagiza hata maji.

La tatu: umeme ukikatika, jenereta inachukua jiko zima au taa tu? Kuna mahali jenereta huwasha taa za bustani na muziki, friji na feni za jikoni zikabaki zimelala. Friji iliyofungwa vizuri huhimili kama saa nne hivi. Ikifunguliwa kila dakika, kama jikoni inavyofunguliwa, haifiki hapo.

Wenye ujuzi wa vyakula vya bahari, wa hesabu na wa upande wa Lamu, ongezeni.

---

Msabaki

Ahsante kaka kwa kufungua. Mimi naongeza msimu, maana wageni wa Nairobi hupanga safari kwa kalenda ya ofisi na bahari ina kalenda yake.

Kaskazi ikivuma, kuanzia karibu Novemba hadi Machi, maji hutulia, madau na mashua huenda mbali, na hapo ndipo utapata jodari, nguru na sulisuli kwa wingi. Sulisuli wa kukaushwa kwa moshi, aliyekatwa vipande vyembamba na kuletwa na ndimu, ni kianzio ambacho Malindi inakijua hasa. Kikiwa kizuri, kipande kinang'aa na kinakunjika bila kukatika. Kikiwa kikavu pembeni na chenye rangi ya kahawia, kimekaa wazi kwenye friji siku kadhaa.

Kusi ikiingia, Aprili hadi karibu Septemba, bahari inachafuka na wavuvi wadogo wanabaki ndani ya miamba. Samaki wa kusi ni changu, tafi, pono, pweza na ngisi wakati wake. Sasa mtu anayetaka jodari mbichi mwezi Juni aulize alivuliwa lini na wapi. Na mvua za masika zikinyesha bara, mto Sabaki hushusha udongo mwekundu na maji ya mbele ya mji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Meza ya ufukweni uliyoiona kwenye picha za Januari haitakuwa ile. Mikahawa kadhaa hufunga kabisa Mei na Juni, na inayobaki wazi huwa na wafanyakazi nusu. Kwa wageni wa miezi hiyo afadhali mkahawa wa ndani ya mji, wenye ukuta wa kuzuia upepo, kuliko wa baharini.

Kamba wadogo ni habari nyingine. Hao wanategemea matope na maji ya mito, Sabaki na Tana, ndiyo sababu ghuba ya Ungwana, kuanzia Ngomeni kuelekea Kipini, ndiyo shamba lao kubwa nchini. Mkahawa wa Malindi unaokuletea kamba walioganda kutoka ng'ambo, huku Ngomeni ikiwa kaskazini tu mwa mji, una maswali ya kujibu.

---

Jiko_la_Shela

Nitasema la kamba mawe kwa urefu kidogo kwa sababu ndiye anayebeba bei.

Kamba wetu hana makucha makubwa kama yule wa Ulaya na Marekani. Nyama yake karibu yote iko mkiani, na mkia ni kama theluthi ya uzito. Kwa hiyo kamba wa kilo moja atakupa gramu 300 hivi za kula. Mtu mmoja anatosheka na kamba wa gramu 500 hadi 600 kama kuna kianzio na wali au pasta. Ukiwa na watu wanane usiagize kamba wanane wa kilo moja. Agiza wanne wa kilo moja na kidogo, wapasuliwe kati.

Lazima awe hai au awe amegandishwa mara tu baada ya kufa. Kamba akifa akakaa, viungo vya kusaga chakula vilivyo kichwani huanza kumeng'enya nyama ya mkia, na inakuwa laini kama uji hata ukimpika vipi. Kumtambua: aliye hai ukimnyanyua hukunja mkia kwa nguvu. Aliyepikwa akiwa hai, mkia wake hukaa umejikunja. Ukiletewa kamba aliyepikwa mzima na mkia umelegea umenyooka, rudisha kwa adabu. Anayepasuliwa kabla ya kuchomwa hawezi kupimwa hivyo, huyo jaribu nyama kwa uma: ikiachana kama ugali uliochacha, si sawa. Ikiwa ngumu kama mpira, kosa ni la moto. Nusu kamba kwenye makaa inataka dakika 8 hadi 10, nyama igeuke kutoka kioo hadi nyeupe, basi aondolewe.

Omba aletwe mezani kabla ya kupikwa, apimwe mbele yako, na uzito uandikwe kwenye oda. Mkahawa unaojiheshimu hauoni ajabu. Na mwenye mayai chini ya tumbo usimkubali.

Kamba wadogo: madoa meusi kichwani si lazima yawe uozo, ni gamba linavyobadilika rangi likipigwa na hewa. Harufu ya amonia, hiyo ndiyo mbaya. Wengine huwatia dawa ya salfaiti kuzuia madoa. Mgeni mwenye pumu anaweza kudhurika nayo, kwa hiyo ulizeni.

Kaa koko achaguliwe kwa uzito. Aliyejivua gamba karibuni ni mkubwa kwa macho na ndani ana maji. Bonyeza tumboni karibu na mguu wa mwisho: pakibonyea, aachwe. Wa hori la Mida na wa mikoko ya Lamu ni wazuri sana wakijaa. Ila kwa meza ya biashara mimi simpendekezi, nasema wazi. Mtu hawezi kujadili mkataba huku mikono yote miwili ina mchuzi na anapiga gamba kwa nyundo.

---

Tuktuk_Ngala

Samaki mzima je? Unajuaje ni wa leo kama ameshachomwa?

---

Jiko_la_Shela

@Tuktuk_Ngala usingoje achomwe, ndugu. Mwambie mhudumu alete sinia la samaki mezani. Jicho limejaa na ni jeusi angavu, lisiwe limezama na kuwa na ukungu. Shavu ndani ni jekundu, lisiwe la kahawia. Bonyeza ubavuni, shimo la kidole lirudi. Harufu iwe ya bahari.

Akiwa ameshapikwa, angalia mfupa wa mgongo. Samaki wa leo kweli, nyama ya hapo hutoka kwa vipande vizima vyenye unyevu. Aliyegandishwa vibaya na kuyeyushwa hutoa maji sahanini na nyama inakuwa pamba.

Kwa kipimo: changu wa gramu 600 hadi 700 ni wa mtu mmoja, wa kilo na robo ni wa wawili. Kichwa, mifupa na magamba huchukua zaidi ya nusu.

Na jodari wa kuliwa mbichi, zile karpacho (vipande vyembamba visivyopikwa) na vinginevyo: huyo, pamoja na nguru, akikaa nje ya barafu hutengeneza sumu ya histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, kugandishwa wala kukamuliwa ndimu. Dalili yake ya kwanza ni mwasho kama wa pilipili ulimini, halafu uso kuwa mwekundu na kichwa kugonga. Ukihisi pilipili kwenye samaki asiyetiwa pilipili, acha kula na waambie wenzako mezani waache. Na samaki wa kuliwa mbichi, sheria ya Ulaya inataka agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 ili minyoo ife. Kwa hiyo mkahawa ukikwambia "huyu wa karpacho tulimgandisha kwanza", usikasirike. Hapo wanajua kazi.

---

BintiMambrui

Ahsanteni kaka zangu. Hapa kuna jambo ambalo mwenyeji Mwislamu, au mwenye wageni Waislamu, hujikwaa nalo Malindi kuliko mji mwingine wowote wa pwani, kwa sababu mikahawa mingi ya daraja la juu ni ya mapishi ya Kiitaliano. Waitaliano wamekuwapo tangu enzi za kituo chao cha anga cha San Marco pale Ngomeni, kilichorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka baharini mwaka 1967, na jiko lao limeota mizizi.

Kuuliza "nyama yenu ni halali?" hakutoshi. Karibu kila mmoja atasema ndiyo, na huenda ni kweli, bucha nyingi za mji ni za Waislamu. Tatizo liko kwenye vitu visivyoitwa nyama.

Risoto: kwa kawaida mchele ukishakaangwa hutiwa mvinyo mweupe kabla ya supu. Pasta ya vyakula vya bahari, na wale kombe wa mchuzi, ni hivyo hivyo. Pasta ya karbonara hutiwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na mara nyingine vipande vidogo sana ambavyo mtu hudhani ni ng'ombe. Panakota, kitamu cha malai, hugandishwa kwa jelatini, uliza ni ya mnyama gani. Tiramisu huwa na kileo ndani ya kahawa wanayochovyea biskuti. Jibini la Parmesan hutengenezwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na wapo wanaolikwepa kwa hilo.

Dawa ni kusema siku moja kabla, sio mezani. Mwambie meneja: "Watu watatu hawatumii mvinyo ndani ya chakula wala nguruwe, mtatumia sufuria na koleo tofauti?" Jiko zuri litapika risoto kwa supu na tone la ndimu, na itakuwa tamu. Ukisema mezani, sosi ya msingi imeshapikwa tangu mchana na mhudumu atakujibu lile litakalokupendeza.

Na pombe ya wageni wengine: omba bili mbili tangu mwanzo, ya chakula na ya vinywaji, ili mwenye kulipa chakula asiwekewe asichokitaka. Hii haimdhalilishi mtu yeyote.

---

Karani_wa_Hesabu

Bili sasa. Menyu nyingine huandika bei yenye kila kitu, nyingine huandika kwa herufi ndogo chini kwamba ushuru haujajumlishwa. Tofauti ni kubwa. Chukua chakula cha 10,000 bila ushuru. VAT asilimia 16 ni 1,600. Ushuru wa utalii asilimia 2 ni 200. Mkahawa ukiwa na ada ya huduma ya asilimia 10, ongeza 1,000. Umefika 12,800. Ada ya huduma si sheria ya serikali, ni uamuzi wa mkahawa, na ukishaitozwa huna deni la bahashishi. Kama haipo, asilimia 10 inatosha, na ukitaka imfikie mhudumu mpe mkononi.

Kwa kampuni: dai risiti ya eTIMS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi) yenye PIN ya kampuni yako, na toa PIN hiyo kabla bili haijachapishwa. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya namna hiyo haikubaliwi na KRA katika hesabu ya mapato. Kurekebisha risiti kesho yake ni kazi ya kurudi mara tatu.

---

BarabaraYaLamu

@Karani na ile VAT kampuni inaidai irudishwe?

---

Karani_wa_Hesabu

La, kaka. VAT ya mkahawa na malazi haidaiwi, isipokuwa kama biashara yako yenyewe ni ya chakula au hoteli. Iweke moja kwa moja kwenye bajeti kama gharama.

---

Nahodha_Mkomani

Upande wa Lamu mambo ni mengine na wageni wa Nairobi huwa hawaambiwi. Ndege inatua Manda, wanavushwa kwa boti, mjini karibu hakuna gari. Mji wa kale hauna pombe ila mahali pachache. Mikahawa ya kifahari mingi iko Shela, kilomita tatu hivi kutoka mjini. Kwa boti ya mashine ni kama dakika 10. Kwa miguu kandokando ya maji ni dakika 40 na zaidi, na maji yakijaa njia hukatwa.

Kwa hiyo Lamu huchagui mkahawa kabla hujatazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni, na kupwa kwake ni saa nne hadi saa tano usiku. Maana yake wageni wanashuka vizuri na viatu vyao vya ngozi jioni, na wakati wa kurudi boti haifiki ngazini. Watavua viatu na kutembea matopeni. Mkahawa wenye gati refu au ngazi zinazofika maji ya kina ndio wa kuchagua siku hizo, na usipoupata, weka chakula saa kumi na mbili na nusu, muwe mnaondoka saa mbili na nusu. Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kaeni mpendavyo.

Boti ya kurudi ipangwe na ilipwe nusu kabla hamjakaa mezani. Saa nne usiku nahodha ndiye mwenye bei.

Kusi ikivuma sana, chagua ua wa ndani au dari yenye kuta. Upepo Shela huzima mishumaa na hupoza samaki kabla hajafika kinywani.

---

Mwanakombo_P

Nahodha umesema kweli tupu. Na je, wageni wakitaka chakula chetu wenyewe badala ya Kiitaliano? Naona mikahawa ya bei ghali inakiweka kwenye menyu kama pambo.

---

Jiko_la_Shela

@Mwanakombo_P dadangu, kipimo changu ni samaki wa kupaka. Uliza: nazi mnakuna wenyewe au ya kopo? Samaki huchomwa kwanza, halafu ndipo hupakwa tui zito lililopikwa na ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, hurudishwa kwenye makaa na kupakwa tena. Wengi wa mahotelini humchemsha samaki ndani ya tui na kumwita wa kupaka. Huo ni mchuzi wa nazi. Angalia ngozi: isipokuwa na alama za moto, umeletewa mchuzi. Na tui likiwa limekatika, mafuta juu na chembechembe chini, lilichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa.

Biriani ni ya kuagizwa siku moja kabla. Biriani ya kwetu masala hupikwa mbali na wali, nyama ilale kwenye maziwa lala na viungo, vitunguu vikaangwe hadi vikauke. Mahali panapokuletea biriani dakika 15 baada ya kuagiza wamechanganya wali mweupe na mchuzi.

Wakati ni kipimo kwa Waitaliano pia. Risoto huchukua dakika 16 hadi 18. Ikija kwa dakika 7 ilipikwa nusu mchana. Hilo hufanywa hata na jiko zuri kukiwa na watu wengi, ila kwa bei ile usikubali bila kuuliza.

---

BintiMambrui

Na Ramadhani msisahau. Mji wa Lamu mchana karibu kila kitu kimefungwa. Kwa wageni waliofunga, mkahawa uwe tayari na tende, maji na uji kabla ya magharibi, ambayo kwetu ni kati ya saa kumi na mbili na dakika tano na kumi na mbili na dakika arobaini hivi, kulingana na msimu. Kisha nafasi safi ya kuswali, halafu chakula kikuu kama saa moja. Anayekwenda tarawehe atataka kuondoka mapema, kwa hiyo kahawa na halua zije pamoja na matunda, sio baada.

---

Tuktuk_Ngala

Watu wanane, kila mmoja anaagiza chake, chakula kinakuja kwa mafungu. Wawili wameshamaliza na wengine hawajaletewa. Hilo linazuiliwaje?

---

BarabaraYaLamu

@Tuktuk_Ngala hilo ndilo huharibu jioni kuliko samaki mbaya, ndugu yangu. Usiwape wageni menyu nzima. Siku moja kabla chagua vianzio viwili vya kuwekwa katikati ya meza, vyakula vikuu viwili, au vitatu kwa kisichozidi, na kitamu kimoja. Tuma kwa maandishi kwa meneja: idadi ya kila kimoja, nani hatumii nini, saa ya kukaa, saa ya chakula kikuu. Usichanganye risoto na kamba wa makaa katika meza moja ya watu wanane kama jiko lina wapishi wawili tu. Risoto haingoji, na kamba naye hangoji.

Meza iwe ya duara, au ya mraba mpana. Kwenye meza ndefu ya watu wanane, wa mwisho hawasikii mazungumzo ya bosi. Iwe mbali na spika na mbali na mlango wa jikoni. Ulizeni kama kuna mwanamuziki usiku huo na anaanza saa ngapi.

Malipo ya kutanguliza yakidaiwa, yalipwe kwa till ya mkahawa yenyewe na jina litokee la biashara kabla ya kuweka namba ya siri, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa hadi bili ya mwisho, maana kuna wanaosahau kuipunguza. Na asubuhi ya siku yenyewe, saa nne, piga simu tena: leo mmepokea samaki gani? Wakisema nguru hakupatikana, una saa tisa za kubadilisha.